UKITUA ITALIA, ULIZA MJI KABLA YA KUULIZA MENYU

Leo tunavuka maji, tunatua mamtoni, nchi ya Italia. Wala hatuendi kupiga picha penye ule mnara wa Pisa uliopinda. Tunakwenda kula, tena kula ile mbaya.

Najua yupo atakayenikatiza hapo hapo: "Ah, Italia nani asiyeijua? Si pizza na spageti tu!" Kaka, dada, hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Kijana wa mjini amehangaika na pasipoti, amehangaika na viza, amekopa huku na kule. Au kapata skolashipu, au meli yake imetia nanga Genova, au kaenda kununua mashine Milano. Anafika, njaa inamuuma, anaingia mgahawa wa kwanza anaouona mkabala na kanisa kubwa, ule wenye menyu ya lugha tano na picha za chakula zilizopauka kwa jua. Anaagiza "spageti bolonyese". Inakuja sahani ya vuguvugu, bili inakuja nzito kama ada ya shule, naye anarudi nyumbani kutangaza mtaa mzima kwamba msosi wa Wataliano hauna lolote.

Masikini, hata hakuuonja. Alichokula ni msosi wa watalii.

Siri yenyewe ni hii. Italia kama nchi moja ilizaliwa mwaka 1861 tu. Kabla ya hapo zilikuwa falme na dola ndogo ndogo, kila moja na mtawala wake, sarafu yake na chungu chake jikoni. Mpaka leo Mtaliano ukimuuliza habari za chakula, anakutajia mji. Na sisi si tuko hivyo hivyo? Nani anakwenda Bukoba kutafuta urojo? Nani anakwenda Unguja kutafuta mtori? Urojo una kwao, mtori una kwao. Basi ukitua kule, swali la kwanza ni "hapa niko mji gani?" na la pili ni "wenyeji wa hapa wanajivunia nini?" Ukiyajua hayo mawili utakula vizuri, utalipa bei ya mwenyeji, na kama dini yako inakukataza kitu fulani, utajua kimejificha wapi.

Haya, kamata tiketi yako. Tunaanzia kaskazini, tunateremka kwa treni mpaka kusini.

MILANO: UGALI WA MANJANO NA WALI WA ZAFARANI

Wengi hawaamini wakiambiwa kwamba Mtaliano wa kaskazini ni mla ugali. Anauita polenta. Ni unga wa mahindi ya manjano, maji na chumvi, unakorogwa kwenye sufuria ya shaba dakika 40 na zaidi mpaka mkono uchoke. Zamani ulimwagwa juu ya ubao katikati ya meza, ukishikana unakatwa kwa uzi. Wao hawamegi tonge wakachovya. Wanaula kwa uma, na mchuzi wa nyama, uyoga au jibini juu yake. Ukilala, kesho yake unakatwa vipande na kukaangwa. Watu wa kusini wakitaka kuwatania wenzao wa kaskazini huwaita "polentoni", yaani mabwana ugali.

Ila huo ugali uliwahi kuua. Mahindi yaliletwa Ulaya kutoka Amerika, na katika karne ya 18 na ya 19 walalahoi wa kaskazini mwa Italia walikuwa wanakula polenta asubuhi, mchana na usiku, bila mboga. Wakapata ugonjwa uitwao pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaendesha, mwisho akili inaruka. Chanzo ni ukosefu wa vitamini iitwayo niasini, ambayo kwenye mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati kirahisi. Wenyeji wa Mexico walikuwa wakichemsha mahindi kwa maji ya chokaa kwanza, na hiyo ndiyo iliyowakinga. Mahindi yalivuka bahari, ujuzi huo haukuvuka. Kwa hiyo ukiagiza polenta, agiza na mboga yake, kama ulivyofundishwa kwa mama.

Milano mjini kwenyewe, mfalme ni risotto alla milanese. Mchele ni ule mfupi mnene unaolimwa kwenye tambarare za mto Po, pande za Vercelli, Novara na Pavia, ambako zamani wanawake walioitwa mondine walishinda wameinama majini wakipalilia. Usitegemee wali wa kuchambuka punje punje. Supu inatiwa upawa kwa upawa huku mpishi anakoroga, mpaka unalainika kama mseto. Rangi inatokana na zafarani, na unono unatokana na siagi, jibini na uboho wa ng'ombe.

GENOVA: MREHANI WA KULA

Kwetu Pwani mrehani tunautia kwenye kikuba, bibi harusi anukie. Mtu wa Genova anautia kwenye kinu cha mawe, anautwanga na kitunguu saumu, kokwa za msonobari, jibini mbili kavu, chumvi na mafuta ya zeituni. Hapo unapata pesto, sosi ya kijani isiyopikwa motoni. Inachanganywa na tambi za kule ziitwazo trofie au trenette, na kwa desturi viazi na maharage machanga huchemshwa sufuria moja na tambi hizo. Usiombe nyama juu yake, wala usishangae haina.

Kama mfuko umetoboka, tafuta farinata. Ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, vinamwagwa kwenye sinia pana na kuingizwa kwenye tanuri la kuni. Inatoka nyembamba, juu imekauka, ndani laini. Ladha yake itakukumbusha bajia, na bei yake ni ya watu wa bandarini.

BOLOGNA: SPAGETI BOLONYESE HAIPO

Samahani kwa waliozoea, lakini ukweli lazima usemwe. Ukifika Bologna ukaomba spageti bolonyese, mwenyeji atakuonea huruma. Wao wana ragù, rosti ya nyama ya kusaga inayochemka taratibu kwa saa nyingi, na inaliwa na tagliatelle, tambi bapa za unga na mayai zilizosukumwa siku hiyo hiyo. Sababu wanayokupa ni ya kijikoni kabisa: spageti ni nyembamba na inateleza, rosti inabaki chini ya sahani. Tagliatelle ni pana na ina mikwaruzo, inabeba rosti yake mpaka mdomoni.

Na hawatanii. Mwaka 1972 waliweka kwenye Chama cha Wafanyabiashara cha mji huo kipimo cha tagliatelle halisi, upana wa milimita 8 ikishaiva. Mwaka 1982 wakasajili hapo hapo na mapishi rasmi ya ragù. Sisi huku tunabishana kama pilau iwekwe nyanya au isiwekwe, wenzetu wameshamaliza kwa hati.

Jirani ya hapo, pande za Parma na Reggio Emilia, ndiko inakotoka jibini ya Parmigiano Reggiano. Gurudumu moja lina kama kilo 40, na kwa sheria hukaa ghalani miezi isiyopungua 12 kabla ya kuuzwa, mengi hukaa miaka miwili na zaidi. Benki moja ya huko hupokea magurudumu hayo kama dhamana ya mkopo. Yaani kwetu unaweka hati ya nyumba, mwenzako anaweka jibini!

FIRENZE: KILO YA NYAMA, UTUMBO NA KIPORO

Firenze kila mgeni anaambiwa ale bistecca alla fiorentina. Ni pande la nyama ya ng'ombe lenye mfupa wa umbo la herufi T, unene wa vidole vitatu, linachomwa juu ya makaa na kuletwa likiwa jekundu ndani. Ukiomba likaushwe kama mishkaki, mpishi atakuangalia kama umemtukania mama yake. Ni nyama tamu, sibishi. Lakini fungua macho: inauzwa kwa uzito, na pande moja mara nyingi linavuka kilo. Ile bei unayoiona kwenye menyu aghalabu ni ya etto, maana yake gramu 100. Imeandikwa euro 6, wewe unachekelea. Linakuja pande la kilo moja na robo, hesabu inasoma euro 75. Hiyo ni nyama ya watu wawili au watatu kuchanga, wala usijitose peke yako kwa ajili ya sifa.

Mimi nakushauri umfuate fundi ujenzi wa Firenze wakati wa mchana. Utamkuta amesimama penye kigari cha lampredotto. Hilo ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa kwa nyanya, kitunguu na majani ya supu, linakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate, juu wanaweka sosi ya majani mabichi na pilipili. Mkate wenyewe wanauchovya kwenye supu ile ile. Kama umekulia supu ya utumbo ya alfajiri, hapo utajiona uko nyumbani, na noti moja ndogo inatosha.

Halafu kuna ribollita. Ukilitafsiri jina lake ni "iliyochemshwa tena". Maharage, kabichi nyeusi ya kule, karoti na mkate wa jana, vinapikwa leo, kesho vinarudishwa motoni. Kwa Kiswahili chepesi, kiporo! Mkulima asiyeweza kutupa hata ganda la mkate ndiye aliyeivumbua, na leo imo kwenye menyu za mahoteli makubwa.

ROMA: ROBO YA TANO YA NG'OMBE

Roma ina tambi zake ambazo lazima uzijue kwa majina. Cacio e pepe ni jibini ya kondoo iitwayo pecorino na pilipili manga, basi, lakini mpishi asiyejua huitoa na mabonge. Carbonara ni yai, pecorino, pilipili manga na guanciale, nyama ya shavu la nguruwe. Krimu haimo, na ukiikuta ujue umeingia mgahawa wa watalii. Amatriciana ni guanciale, nyanya na pecorino. Hii imechukua jina la mji mdogo wa Amatrice, ambao tetemeko la Agosti 24, 2016 liliubomoa. Karibu watu 300 walikufa Amatrice na miji ya jirani. Baada ya msiba ule, migahawa mingi ndani na nje ya Italia ilipika amatriciana na kutoa sehemu ya mauzo kusaidia walionusurika.

Ukitaka Roma ya kabwela, nenda mtaa wa Testaccio. Palikuwa na machinjio makubwa pale mpaka mwaka 1975. Ng'ombe akigawanywa robo nne, nyama nzuri ilikwenda kwa matajiri na mapadri wakubwa. Wachinjaji walilipwa sehemu ya ujira wao kwa kilichobaki: mkia, utumbo, maini, moyo. Wakakibatiza kilichobaki jina la "robo ya tano". Wake zao wakakipika kwa akili, na hapo ndipo ilipotoka coda alla vaccinara, mkia wa ng'ombe uliopikwa kwa nyanya na figili mpaka nyama inaachia mfupa. Mtu aliyekunywa supu ya makongoro hahitaji mkalimani hapo.

Sehemu nyingine ni mtaa wa zamani wa Wayahudi, ambao Papa aliwafungia humo kuanzia mwaka 1555. Kule kuna carciofi alla giudia, maua ya artichoki yaliyokaangwa mazima mpaka yanachanua na kukauka kama krisps. Migahawa mingi ya mtaa huo inafuata sheria za Kiyahudi, na Wayahudi nao hawali nguruwe. Weka alama hapo, Muislamu mwenzangu.

NAPOLI: PIZZA YENYEWE SASA

Hapa ndipo kwao pizza. Zanzibar pizza ya Forodhani ni tamu, siisemi vibaya, lakini kwa hii ya Napoli ni binamu wa mbali sana. Ya Napoli ni unga, maji, chumvi na hamira, inasukumwa kwa mkono, inaingia kwenye tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 430 na kupanda, inatoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Pembeni imevimba na madoa ya moto, katikati ni laini na imelowa. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliuweka ufundi huo wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Za kuanzia ni mbili tu. Marinara ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, haina jibini hata chembe. Margherita ni nyanya, mozzarella na mrehani, nyekundu, nyeupe na kijani kama bendera yao. Simulizi inayopendwa inasema ilipikwa mwaka 1889 kwa ajili ya Malkia Margherita, ingawa wanahistoria wanaibishia. Lisilobishaniwa ni kwamba zamani pizza ilikuwa chakula cha mitaani cha masikini wa Napoli. Mpaka leo utaiona inauzwa imekunjwa mara nne kama pochi, wanaiita a portafoglio, unaila huku unatembea.

Angalizo: ukiomba pizza ya "peperoni" ukitegemea soseji, utaletewa pilipili hoho. Hilo ndilo neno lao la pilipili hoho. Usigombe na mhudumu, wewe ndiye mgeni.

SICILIA: WAARABU WALIPITA HAPA

Treni ya Sicilia ina kituko chake. Ikifika baharini, mabehewa yanaingizwa ndani ya meli, mnavuka mkondo wa Messina na treni yenu tumboni.

Kisiwa hiki kilitawaliwa na Waislamu tangu karne ya 9 mpaka ya 11, na jikoni hawajaondoka. Trapani wanakula cuscus kwa mchuzi wa samaki. Palermo wana tambi za sadini, zabibu kavu na kokwa za msonobari, tamu na chumvi kwa pamoja. Mitaani wanauza panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, ndani ya mkate wa ufuta. Na wana pane ca meusa, mkate wa bandama na pafu la ng'ombe, wa kuliwa na mwenye moyo.

Usije ukasahau yale madonge ya wali ya kukaanga, mfano wa katlesi, ndani yana rosti na njegere. Palermo ni ya mviringo na inaitwa arancina, jina la kike. Catania huchongoka juu na inaitwa arancino, jina la kiume. Usikosee jina mbele ya mwenyeji, maana ugomvi huo ni kama wa Simba na Yanga.

Na wale wanaosema tambi zililetwa Italia na Marco Polo kutoka China, waambie hivi. Marco Polo alirudi kwao mwaka 1295. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi alikwishaandika kwamba kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, kinatengeneza tambi kavu na kuzisafirisha kwa meli nchi za mbali. Tambi zimeendelea kusafiri mpaka kwetu: Wasomali waliotawaliwa na Wataliano wanaziita baasto, na ukipita Eastleigh pale Nairobi utazikuta zinaliwa mchana kweupe kama chakula cha nyumbani.

KWA WASIOKULA KITIMOTO

Sasa tuzungumze kiutu uzima. Italia kitimoto kinajificha. Hakitaandikwa "nguruwe" kwa wino mwekundu. Kariri majina haya: maiale, prosciutto, pancetta, guanciale, salsiccia, salame, mortadella, speck, lardo na strutto. Hilo la mwisho ni mafuta ya nguruwe, na yanaweza kuwemo kwenye mkate usioudhania, kama piadina, chapati ya pande za Rimini. Ragù ya Bologna ina pancetta. Tortellini zile ndogo za kwenye supu ndani zimejazwa nguruwe. Ganda la cannoli, keki tamu ya Sicilia, kwa asili hutiwa strutto na mvinyo. Risotto nayo huanza na mvinyo, na tiramisù ya baadhi ya wapishi ina kileo.

Uliza hivi: "C'è maiale?" Tamka "che maiale", maana yake "kuna nguruwe?" Hawachukii kuulizwa. Na kama unataka nyama iliyochinjwa Kiislamu, shika samaki na mboga, au tafuta bucha za Waislamu, ambazo miji mikubwa inazo. Marinara, farinata, panelle na pesto havina nyama, na ni vitamu vile vile.

BILI ISIKUTOE JASHO

Mwisho, mambo ya mshiko. Menyu yao ina ngazi: antipasto ni ya kufungulia mdomo, primo ni tambi, wali au supu, secondo ni nyama au samaki, contorno ni mboga, dolce ni tamu ya mwisho. Hakuna sheria ya kula zote. Primo moja inashibisha, na hakuna atakayekucheka.

Ukiona coperto kwenye bili, usiwashe moto. Ni malipo ya kukaa mezani, mara nyingi euro moja mpaka tatu kwa kichwa, na yanatakiwa yaandikwe kwenye menyu. Maji ya chupa yanalipiwa. Roma ina mabomba ya barabarani zaidi ya 2,000 yanayotiririsha maji safi ya kunywa bure, beba chupa yako. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni rahisi, ukikaa, hasa kwenye uwanja maarufu, bei inaweza kupanda mara mbili na zaidi. Samaki nao mara nyingi huuzwa kwa etto, kwa hiyo kabla hajaingia jikoni waombe wampime na wakutajie jumla. Na usifike saa kumi jioni ukadai chakula cha mchana. Majiko mengi hufungwa kama saa nane na nusu na kufunguliwa tena saa moja na nusu usiku.

Ukiyasahau yote haya, shika sentensi moja: "Qual è il piatto tipico di qui?" Tamka "kwale il pyato tipiko di kwi?" Unauliza chakula cha asili cha hapo. Muulize muuza magazeti, muulize dereva, muulize mama mtu mzima anayetoka sokoni na kikapu. Usimuulize yule kijana anayekuita kwa Kiingereza mlangoni mwa mgahawa huku anapunga menyu. Mara nyingi watakuelekeza kwenye kitu cha bei ndogo kilichoanzia kwa mchinjaji, kwa kuli au kwa mkulima. Nawe ukirudi utakuwa na cha kusimulia kijiweni, na chenji itakuwa imebaki mfukoni.

Kwa leo naishia hapo, mpenzi msomaji. Tukijaaliwa, wiki ijayo tukutane hapa hapa. Kaa salama, na usilale na njaa.